Mbu anayekuuma usiku umemlea mwenyewe

Haya ni maneno niliyosema kwenye mkutano wa kijiji chini ya mwembe hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Wengine mlikuwa barabarani, wengine sokoni, mkaniomba niandike, basi nimeandika vile nilivyosema bila kupunguza.

Asalamu aleikum. Bwana asifiwe. Chemani wetu wa LC1, mwenyekiti wa kijiji chetu, wazee, kina mama, vijana wa boda, na nyinyi madereva mliosimama pale nyuma kwa sababu foleni ya mpakani haisogei, karibuni wote, sogeeni kivulini.

Kabla sijasema kitu naomba hii chupa izunguke. Ipokee mama, iangalie vizuri, halafu mpe jirani yako. Usiitikise. Inua juu uielekeze kwenye mwanga. Unaona nini? Nasikia mtu anasema minyoo. Hapana mama, si minyoo. Hao ni viluwiluwi, watoto wa mbu. Pitisha mkono wako juu ya chupa kivuli kiwaguse uone, wote wanashuka chini mbio kama watoto wa shule wamemwona mwalimu. Sasa ngoja kidogo. Si unaona wanapanda tena? Wanarudi juu kuvuta hewa, kichwa kinaning'inia chini na mkia uko juu, kwa sababu hawa wanapumulia mkiani.

Sasa nimewatoa wapi? Sikwenda kinamasini. Sikwenda mtoni. Nimewatoa kwenye tairi nyuma ya nyumba yangu mimi, mimi VHT wenu, mhudumu wa afya wa kijiji, tairi niliyoiweka pale nikisema siku moja nitaikata nitengeneze viatu vya lugabire. Mvua ikanyesha, maji yakakaa ndani, nikapita hapo kila siku asubuhi na jioni bila kuchungulia. Kwa hiyo leo sikuja kumnyooshea mtu kidole. Nimekuja kuwaambia kitu kimoja tu, huyo mbu anayekuimbia sikioni usiku hakutoka mbali, amezaliwa hapa hapa kwetu, tumempa maji sisi, tumemlea sisi, na kumzuia asizaliwe inawezekana kwa mikono yetu bila kungoja gari la serikali.

Hiyo chupa ni ya pili. Ya kwanza niliiweka dirishani nikaifunga mdomo na kipande cha neti na mpira, nikawa naiangalia na mjukuu wangu kila asubuhi kabla hajaenda shule. Mwanzo walikuwa wadogo kama nywele ya kope. Wakanenepa. Wakaambua ngozi mara kadhaa, magamba meupe yakabaki yanaelea. Siku ya sita wengine wakajikunja wakawa kama ile alama ya mkato kwenye daftari, hawali tena, wanapinduka pinduka tu. Siku ya nane mjukuu akaniita, Babu, wameota mabawa! Nikaenda nikakuta mbu wazima wamekaa kwenye neti, miguu ina madoadoa meupe, wananiangalia.

Siku ngapi? Siku nane. Na hao niliwakuta wameshaanguliwa. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni siku 7 mpaka 14, inategemea joto, na joto la huku kwetu mnalijua. Na mbu jike mmoja anataga mayai 50 mpaka 200 kwa mara moja. Sasa wewe piga hesabu na tairi moja, halafu nenda pale wanapoziba pancha za malori uhesabu tairi ziko ngapi.

Lakini hiyo hesabu ukiigeuza inakuwa silaha yako. Kama anahitaji wiki nzima au zaidi ndani ya maji ili awe mbu, basi wewe ukipita kila siku saba ukamwaga maji yote yaliyosimama, hakuna hata mmoja atakayefika kuota mabawa. Kila siku saba. Hata kama ulimwaga juzi mvua ikarudi jana, siku yako ikifika unamwaga tena. Kila siku saba! Hata kama hujamwona mbu wiki nzima, unapita tu.

Sasa maji gani? Hapo ndio watu wengi tunakosea, kwa sababu tumefundishwa mbu ni uchafu na majani marefu. Kufyeka nyasi ni vizuri, nyoka wanapungua na nyumba inapendeza, lakini mbu hazaliwi kwenye nyasi, anazaliwa kwenye maji. Unaweza kufyeka kiwanja kikawa kama cha mpira na mdomo wa tanki lako uko wazi, utaumwa vile vile.

Na mbu hawako aina moja. Yule wa malaria, anofelesi, ukimwona akiwa mtoto hasimami kichwa chini kama hawa wa kwenye chupa, analala flati juu ya maji kama kijiti cha kiberiti. Na yeye hataki maji machafu jamani, huyo anapenda maji safi ya mvua yaliyopigwa na jua, hata kidogo namna hii, alama ya kwato ya ng'ombe inamtosha, mfereji uliochimbwa na tairi ya lori kwenye udongo unamtosha. Na shimo la matofali ndio sherehe kabisa. Mnakumbuka lile shimo la kule chini? Msimu wa mvua uliopita nyumba zilizolizunguka nilikuwa napima watoto damu ya kidole kuona malaria karibu kila siku, leo huyu, kesho dada yake. Nikaenda kwa mwenye shimo, akaniambia hana pesa ya kulifukia, na ni kweli hakuwa nayo. Basi tukakaa tukaongea, vijana sita tukachimba mfereji siku moja, maji yote yakatoka yakaenda bondeni, na lile shimo la pili ambalo maji yake hayakuweza kutoka tukatia samaki, ngege wadogo wanaokula viluwiluwi. Tulitumia majembe yetu na ndoo ya samaki tu.

Huyu wa kwenye chupa, mwenye miguu ya madoadoa, ni aedesi, yeye anapenda vyombo. Tairi, kopo, jerikani iliyokatwa, pipa, chombo cha maji ya kuku, gata iliyoziba majani. Anauma mchana. Na jina la Zika mnalolisikia redioni, limetoka kwetu Uganda, kirusi kiligunduliwa mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, na huyo aedesi ndiye anayekibeba. Ana ujanja mmoja ambao kina mama naomba mshike. Hatagi juu ya maji, anabandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yale mayai yanakaa makavu hata miezi yakingoja maji yapande. Kwa hiyo ukimwaga pipa ukajaza tena umemsaidia! Mwaga, halafu chukua brashi au majani makavu na mchanga usugue ukuta wa ndani mpaka chini, suuza, mwaga nje kwenye udongo mkavu, ndio ujaze na ufunike. Kifuniko kama hakuna, kitambaa cha neti kuukuu kikazwe na kamba.

Wa tatu ni kuleksi, yule anayekuja na kelele jioni, anapenda maji machafu, mitaro ya bafuni na vyoo vya shimo vyenye maji. Hapo nawapa hadithi ya Makunduchi, kusini mwa Unguja. Walikuwa wanateseka na matende na mabusha, na mbu waliokuwa wanayaleta walikuwa wanatoka vyooni. Mwaka 1988 wakamwaga ndani ya vyoo vipira vidogo vya ile povu nyeupe, ile inayokujaga kwenye boksi la tivii, vinaelea vinafunika maji yote kama blanketi, mama mbu hapati pa kutagia na watoto hawapati pa kupumulia. Wakawapa watu dawa pia. Mbu wakaanguka vibaya sana na ugonjwa ukashuka, na ile povu haiozi, ilikaa miaka. Kwa hiyo wewe mwenye choo cha maji chini, ile povu usiichome, ipukuchue vipande vidogo vidogo umwage ndani mpaka usione maji. Ila kama choo chako ni kikavu usijisumbue, hakina mbu. Na wale mnaomwaga oili chafu ya gari nawaomba muache, mnajua visima vyetu viko karibu kiasi gani.

Sasa tuingie ndani ya nyumba.

Wazee wetu walisema maembe yanaleta malaria. Tuko chini ya mwembe sasa hivi, si ndio? Wazee hawakuwa wajinga, waliona maembe yanaiva na mvua inanyesha na watoto wanaugua, vitu vitatu kwa wakati mmoja, wakashika kile walichokiona mkononi mwa mtoto. Wazungu nao kwao walisema ni hewa mbaya, ndio maana ya hilo neno malaria, mpaka mwaka 1897 daktari mmoja, Ronald Ross, akiwa India akapasua tumbo la mbu akakuta vimelea vya malaria ndani. Kwa hiyo embe kula. Lakini ukimaliza kula, inua macho uangalie ukuta wako unapokutana na bati. Pale kuna nini?

Pana mwanya. Si karibu nyumba zetu zote? Tunauacha makusudi moshi utoke na hewa iingie. Sasa yule anofelesi akija usiku anafuata harufu yako na pumzi yako, anagonga ukuta, na akigonga ukuta hageuki kutafuta mlango, anapanda juu na ukuta mpaka anakutana na ule mwanya, anaingia. Unafunga mlango saa kumi na mbili, unashukuru umefunga, na juu kuko wazi kama geti la mpakani.

Kuna mama mmoja mjane hapa kijijini, ameniruhusu nisimulie. Chumba kimoja, watoto wanne, kila mwezi mmoja yuko kliniki. Mimi ni fundi wa nyumba kabla ya kuwa VHT, nikaenda na ngazi. Tukaziba mwanya wa pande mbili kwa vipande vya tofali na udongo, pande mbili zingine tukaacha za hewa lakini tukapigilia neti kuukuu, zile za mgao wa zamani ambazo zimechanika haziwezi tena kulaliwa, tumezikunja mara mbili na kuzibana na vibao vya boksi. Dirisha moja tukaweka waya ya mbu. Chini ya mlango, ule uwazi, akashona nguo kuukuu ikawa kama mto mrefu, anausukumia pale jioni. Kazi ya siku moja na nusu, misumari na waya havikufika bei ya kilo tatu za sukari. Usiku wa kwanza akaniambia, fundi, nimesikia kimya mpaka nikaogopa.

Na si yeye tu. Kule Gambia walifanya utafiti ukatoka mwaka 2009, nyumba zilizowekwa nyavu milangoni na madirishani na kuzibwa ule mwanya, watoto wenye upungufu mkubwa wa damu walikuwa 12 kwa kila 100, na kwenye nyumba zilizoachwa wazi walikuwa 19 kwa kila 100. Upungufu wa damu huku kwetu mara nyingi ni malaria inayokula mtoto polepole, wala humwoni akitetemeka, unamwona tu macho yamekuwa meupe na anasinzia darasani. Wewe unayejenga sasa hivi, mwambie fundi wako mapema, mwanya wa bati uzibwe, na kama unaweza weka siling, hata ya turubai. Ni rahisi zaidi kuliko kurudi na ngazi baadaye.

Halafu chandarua. Najua mnasema hilo tumechoka kulisikia. Nitalisema kwa sababu ya usiku mmoja.

Mwaka juzi saa tisa usiku mlango wangu ukagongwa. Baba mmoja amembeba mtoto wake wa miaka mitatu, mtoto amekakamaa, macho yamegeuka meupe, povu mdomoni. Bibi yuko nyuma analia kwamba ni degedege, ndege amepita juu ya nyumba, apelekwe kwa mganga na asichomwe sindano atakufa. Mwili wa yule mtoto ulikuwa unachoma kama sufuria. Nikampima damu ya kidole, nikamulika kipimo na simu, mistari miwili, malaria. Nikawaambia twende hospitali sasa hivi, mganga mtamtafuta kesho. Kijana wa boda, uko hapa leo, Mungu akubariki, ulituendesha giza lile hukuuliza pesa. Wakamtundikia dawa ya mshipa. Siku ya pili jioni akafungua macho akaomba chai.

Yule mtoto yuko hai. Yuko hapa mkutanoni. Ndugu zangu, degedege si ndege. Kwa mtoto wa huku kwetu mara nyingi ni malaria imepanda kichwani, na kila saa mnayopoteza kwa mganga mnaipoteza kwenye uhai wake.

Aliporudi nikaenda kwao. Nikauliza neti iko wapi. Akanionyesha, iko shambani imezungushiwa kitalu cha sukuma, kuku wasile miche. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilimwangalia yule baba nikaona hakuna neno langu litakalomuuma kuliko usiku ule. Tukakata matete tukazungushia kitalu. Neti tukaiosha kwa sabuni ya mche, maji ya kawaida, bila jiki, tukaianika kivulini maana jua kali linaua ile dawa, halafu tukakaa kwenye mkeka na sindano tukashona matundu. Kumi na saba. Bibi mwenyewe ndiye aliyeyahesabu.

Neti haitaki mengi. Ikiwa mpya itundike kivulini siku moja ndio uilalie. Ichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote, si kuning'inia kama pazia. Tundu linaloingia kidole linaingia mbu, shona leo. Na wale mnaovulia samaki, ile dawa inaua na vitu vingine majini, watoto wenu wanakunywa hayo maji. Mbu wa malaria anauma zaidi usiku mzito, saa nne mpaka alfajiri, wakati umelala hujui kitu, kwa hiyo hata uzibe nyumba namna gani neti inabaki.

Sasa mtaniuliza moshi. Zile koili za kuchoma, zinamfukuza kidogo, ndio. Lakini walipima moshi wa koili moja wakakuta vile vichembe vinavyoingia mapafuni ni sawa na vya sigara 75 mpaka 137. Sasa umefunga chumba, mtoto mchanga yuko ndani, unawasha. Kinyesi cha ng'ombe na majani mabichi ni hivyo hivyo, kama unachoma choma nje barazani jioni mkiwa mmekaa, chumbani hapana. Mchaichai na mrehani kupanda mlangoni havifukuzi mbu, ukiponda majani ukajipaka inasaidia muda mfupi tu. Zile programu za simu zinazotoa mlio, zimepimwa hazifanyi kitu, futa uokoe chaji. Ile chupa iliyokatwa yenye sukari na hamira nimeijaribu wiki mbili, inatoa hewa kama ya pumzi yako na ni kweli mbu mmoja mmoja anaingia, lakini wengine wote walikuja kwangu, maana mimi nanukia zaidi ya hamira. Mwenye feni aiwashe, mbu hana nguvu ya kupambana na upepo.

Kwa nini nasisitiza mikono yetu? Hapo Nagongera, wilaya yetu hii hii ya Tororo, mwaka 2011 na 2012 wanasayansi walikamata mbu ndani ya nyumba wakapiga hesabu, mtu mmoja alikuwa anaumwa na mbu mwenye malaria kama mara 310 kwa mwaka. Karibu kila usiku! Apac, kule kaskazini, kabla ya hapo walikuta zaidi ya mara 1500 kwa mwaka. Mwisho wa 2014 dawa ya kupuliza ukutani ikaanza kuletwa kwetu, na malaria ilishuka mpaka watu wakasahau. Tushukuru kwa hilo, na wakija kupuliza tena tuwafungulie milango tutoe vyombo nje bila kubishana. Lakini ile dawa inakuja na gari. Gari likichelewa tairi yako bado iko nyuma ya nyumba.

Chemani amekubali tuanze Jumamosi hii, saa moja asubuhi, kabla ya soko. Kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe au brashi. Tunaanzia pale kwa vijana wa pancha, nimeongea nao, tairi wanazotaka watazipanga chini ya turubai, zingine tutazitoboa chini au tutazijaza udongo mpandie vitunguu. Tunashuka mpaka mashimo ya matofali, halafu kila mtu anarudi kwake anazunguka nyumba yake mwenyewe, na watoto waje, wao wanaona makopo kuliko sisi. Jumamosi inayofuata vile vile, hata kama ni jua. Mwenye mwanya wa bati anayehitaji ngazi ajiandikishe kwangu, ngazi ni bure, na mimi ni bure, misumari ni yako.

Chupa imefika wapi? Naiona kule kwa madereva. Irudisheni mbele polepole. Namwaga hapa kwenye mchanga mkavu juani, sogeeni watoto muangalie. Haya, nani ana swali?